UZI: Renaissance ya Florence ilikuwa ya tenda, mafundi na bifu, tuache hadithi za vipaji kudondoka kutoka mbinguni

Wakuu habari za muda huu.

Juzi humu watu walikuwa wanabishana kwa nini Ulaya iliamka baada ya kulala karne zote zile (ndio hiyo Renaissance, yaani sanaa na elimu "kuzaliwa upya"), mara oh ni hali ya hewa, mara Leonardo da Vinci alikuwa jiniasi basi mjadala ukafungwa hapo. Nikaona hii kitu niifungulie uzi wake. Maana ukifuatilia vizuri Florence ya miaka ya 1400 unakutana na mambo ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi au kufukuzia tenda anayaelewa chap. Zabuni inatangazwa, mafundi wanawekeana fitina, mwenye hela anataka jina lake lisomeke ukutani, mkataba unataja mpaka rangi iwe ya bei gani, na kibarua akigoma anaonyeshwa geti. Leonardo na Michelangelo walizaliwa wakakuta mtambo unazunguka zamani.

Sasa twende. Ni ndefu, ambaye hana bando la kutosha arudi usiku.

Florence, huko Italia, kipindi hicho ni mji mdogo tu, watu kama elfu 40 hivi, maana tauni ya 1348 ilipita ikafyeka zaidi ya nusu ya wakazi na haikupita mara moja, ilikuwa inarudirudi. Mfalme hakuna. Mji unaendeshwa na vyama vya kazi, vikubwa 7 na vidogo 14, na usipokuwa mwanachama wa chama siasa utaisikia kwenye bomba. Kuna chama cha watu wa sufi, kuna Calimala ambao walikuwa wanaingiza vitambaa kutoka nje wanavipiga msasa na rangi kisha wanaviuza bei ya kuruka, kuna hariri, kuna mabenki, kuna mawakili, kuna watu wa manyoya, na kuna waganga na wauza dawa. Wachoraji unajua walikuwa chama gani? Hicho cha waganga na wauza dawa, kwa sababu rangi zilikuwa zinanunuliwa duka moja na dawa za kikohozi.

Utamu unaanzia hapa: vyama vikubwa vilikabidhiwa majengo ya kutunza. Calimala walipewa jengo la ubatizo, watu wa sufi wakapewa kanisa kuu, watu wa hariri wakaja kujenga kituo cha watoto waliotupwa. Kwa hiyo chama kimoja kikiweka sanamu ya shaba, kingine hakilali. Pale Orsanmichele mji uliwaambia vyama wajaze vishubaka vya nje kwa sanamu za watakatifu wao, basi matajiri wakaweka shaba ambayo bei yake ilikuwa kama mara kumi ya marumaru, ili masikini wa marumaru wajijue. Sifa za kijinga kabisa, ila ndizo zilizompa kazi kijana Donatello, mchonga sanamu.

TENDA YA 1401

Calimala wanatangaza: tunataka milango ya shaba ya jengo la ubatizo. Wanachuja mpaka wanabaki 7. Kila mmoja anapewa shaba kiasi kile kile na muda wa mwaka mmoja, na mtihani ni ule ule kwa wote, Ibrahimu anamchinja mwanae Isaka, malaika awepo, kondoo dume awepo, punda awepo, watumishi wawili wawepo. Majaji 34.

Wakabaki wawili wa kuangaliana usoni, Lorenzo Ghiberti na Filippo Brunelleschi, wote vijana wa miaka ya ishirini na kidogo. Kazi zao zote mbili zipo mpaka leo, zimewekwa jirani kwenye jumba la makumbusho la Bargello, unaweza kuwa jaji wa 35. Ya Brunelleschi ina fujo, Ibrahimu amemkaba mtoto shingo kisu kimegusa koo na malaika ameudaka mkono wake kabisa kama polisi. Ya Ghiberti imetulia, mwili wa Isaka umechongwa kama sanamu za Warumi wa kale. Lakini geuza nyuma ndio uone kilichowauma watu wa biashara: Ghiberti alimimina karibu yote kwa mkupuo mmoja, shaba imekuwa nyembamba, uzito umepungua kilo kadhaa. Brunelleschi alitengeneza vipande vipande kisha akavifunga kwenye bamba nene. Piga hesabu ya milango mizima yenye vipande 28 uone tofauti ya bili ya shaba. Wafanyabiashara wa nguo wale, unadhani waliangalia sanaa peke yake?

Ghiberti akachukua kazi. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba ushindi ulikuwa wa kura zote. Upande wa Brunelleschi wao wanasema majaji walitaka wagawane kazi, jamaa akagoma, akasema yote au sipo. Mimi naamini hii ya pili kwa jinsi jamaa alivyokuwa na kiburi maisha yake yote.

Milango ilianza 1403 ikaisha 1424. Ikawa nzuri hadi wakampa mingine papo hapo, hiyo ikaisha 1452. Mtu mmoja, milango miwili, karibu miaka hamsini ya maisha. Na karakana yake ndiyo ilikuwa chuo cha mji mzima, Donatello alipita pale, Paolo Uccello alipita pale.

Brunelleschi yeye akala kona akaenda Roma. Inasemekana na Donatello alikuwepo, wakawa wanapima magofu, wanachimba, wanachora nguzo, mpaka wenyeji wakawaona ni watu wa kutafuta hazina.

Kahawa Chungu:
Mkuu tulia kwanza. Tulivyofundishwa sekondari ni kwamba Waturuki waliteka Constantinople 1453, wasomi wa Kigiriki wakakimbilia Italia na vitabu, ndio Renaissance ikaanza. Wewe mbona unatuambia 1401?

Mleta uzi:
Tarehe hazikubali mkuu. Hadi 1453 inafika, mchoraji Masaccio kashakufa miaka 25 iliyopita, kuba la kanisa kuu lishafungwa tangu 1436, Alberti kashaandika kitabu cha kanuni za kuchora vitu vya mbali vionekane mbali tangu 1435, Donatello ni mzee. Wagiriki walisaidia kweli, ila Florence haikusubiri wakimbizi, ilienda kumwajiri mwalimu. 1397 Manuel Chrysoloras alitolewa Constantinople kuja kufundisha Kigiriki, mshahara juu ya mji. Waliokuja baada ya 1453 walikuta darasa lina wanafunzi tayari.

KUBA

Haya sasa, sehemu ambayo mafundi humu wataipenda.

Kanisa kuu la Santa Maria del Fiore lilianza kujengwa 1296. Wazee wale walichora kuba kubwa kuliko yote waliyoyajua halafu hawakujua watalijengaje, wakaendelea tu kupandisha kuta wakiamini Mungu atamleta mtu. Miaka zaidi ya 100 baadaye kuta zimefika juu, na pale katikati kuna tundu la pembe nane lenye upana wa zaidi ya mita 40, linaanzia zaidi ya mita 50 kutoka chini. Mvua inanyesha altareni. Na mwaka 1367 walishaapa kufuata mfano uliopitishwa, hakuna zile nguzo za kuegemeza nje kama makanisa ya Ufaransa, hawakuzitaka hata kuziona.

Tatizo lilikuwa moja. Kuba au tao unajengea juu ya kiunzi cha mbao, chokaa ikikauka unatoa. Kwa tundu lile mbao za kutosha hazikuwepo Toscana, mkoa mzima wa Florence, na hata zingepatikana kile kiunzi kingejiangukia kwa uzito wake chenyewe.

Agosti 1418 zabuni ikatangazwa, zawadi florini 200 (florini ni sarafu yao ya dhahabu). Zikaja ramani za kila aina. Kuna hadithi kwamba mmoja alishauri wajaze udongo mle ndani wauchanganye na hela, kuba likiisha watoto wa mji wataingia kuutoa wenyewe wakitafuta sarafu. Sijui nani aliwaza hivyo ila nampa heshima zake.

Brunelleschi akaja akasema mimi najenga bila kiunzi. Wakamwambia tuonyeshe. Akagoma, eti nikionyesha kila mtu ataweza. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, anasimulia kwamba Brunelleschi aliwapa yai, atakayelisimamisha juu ya marumaru ndiye apewe kazi, wote wakashindwa, yeye akaligonga kitako likasimama. Wakasema hata sisi tungeweza, akawaambia ndivyo mtakavyosema mkiiona ramani yangu. Iwe kweli isiwe kweli, hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake.

Akapewa. Ila si peke yake bwana! Wakamuwekea Ghiberti pembeni, cheo kile kile, mshahara ule ule florini 36 kwa mwaka. Yule yule aliyempiga chini kwenye milango. Kazi ilianza Agosti 1420.

Fundi Nondo:
Kaka mimi ni fundi miaka mingi nakuuliza swali la kitaalamu. Kozi za mwanzo sawa, ukuta bado umesimama. Ukianza kuulaza kuelekea katikati, tofali kwenye chokaa mbichi linaserereka, hiyo haina ubishi. Bila mirunda alilishikilia na nini?

Mleta uzi:
Swali la maana fundi. Mambo manne nayoyajua.

Kwanza ni makuba mawili, moja ndani ya lingine, katikati kuna uwazi ambao leo watalii wanapandia ngazi 463. La ndani ni nene, chini kabisa linafika kama mita mbili, la nje ni jembamba, kazi yake kuzuia mvua na kupendeza. Uzito ukapungua hapo.

Pili, mduara uliokamilika unajibana wenyewe. Kozi ikifunga duara, kila tofali linataka kuangukia katikati na jirani zake wanalizuia. Sasa utasema kuba lina pembe nane si duara. Ndio, ila la ndani ni nene kiasi kwamba ndani ya unene wake unaweza kupitisha duara zima bila kutoboka, hapo ndipo nguvu zinapopita.

Tatu ndio jibu lako hasa. Kila baada ya matofali machache ya kulala aliweka moja la kusimama wima, na kozi inayofuata lile la wima linasogea kidogo, ukitazama unaona mistari inapanda kwa kuzunguka kama mgongo wa samaki. Matofali ya kulala yanakuwa yamebanwa kati ya mawili yaliyosimama ambayo miguu yao ipo kwenye kozi iliyokwishakauka. Hayana pa kuserereka. Fundi anajenga kipande kifupi kati ya wima na wima, kikikaa anahamia kingine.

Nne, kwa kuwa kuba linataka kupasuka kwa nje pale chini, alilifunga mikanda, minne ya mawe yaliyoshikizwa kwa vyuma na mmoja wa magogo ya mbao. Wewe ungeita linta ya kuzunguka nyumba nzima.

Matofali yalizidi milioni 4.

Fundi Nondo:
Hiyo ya tofali wima nimeielewa. Nimekubali. Na vifaa walipandishaje, mabegani?

Mleta uzi:
Hapo ndipo mimi namuona Brunelleschi alikuwa mtu hatari kuliko hata kwenye kuba. Alitengeneza winchi ya kuzungushwa na ng'ombe chini sakafuni, ng'ombe wanazunguka, gurudumu linavuta kamba, mzigo unapanda. Tatizo la winchi za zamani, ukitaka kushusha inabidi umfungue ng'ombe umgeuze upande mwingine, kazi nzima inasimama. Yeye akaweka gia mbili, moja juu moja chini ya nguzo, unapandisha au kushusha skrubu tu gia nyingine inashika, ng'ombe anaendelea kuzunguka upande ule ule mzigo unashuka. Leonardo da Vinci akiwa kijana alikuja kuzichora mashine zile kwenye madaftari yake, watu wengi wakidhani ni yeye aliyezibuni.

Na maisha ya site mkuu, mle mle. Kushuka na kupanda kula ilikuwa inakula nusu ya siku basi akaruhusu jikoni huko huko juu, mama ntilie wa mita 60 angani. Mvinyo walikunywa ila ukiwa juu ulichanganywa na maji, walevi na urefu ule havikai pamoja. Mafundi wakagoma wakidai nyongeza. Jamaa akawafukuza wote akaleta mafundi wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, wale wa kwanza walipoona mambo magumu wakarudi kuomba kazi, akawarudisha kwa mshahara mdogo kuliko waliougomea! Hii nayo ni Renaissance, msisahau kuiandika.

Ghiberti sasa. Wasimulizi wa zamani wanasema ilifika kazi ya kufunga ule mkanda, Brunelleschi akajifanya mgonjwa, kajifunika shuka kichwani nyumbani, mafundi wakienda anawaambia si mna Ghiberti, muulizeni. Ghiberti hajui aanzie wapi, kazi ikasimama, wakubwa wakaona. 1426 mshahara wa Brunelleschi ukapanda mpaka florini 100 kwa mwaka, mwenzake akawa wa pembeni.

Ila Brunelleschi naye alipigwa. 1421 mji ulimpa haki ya peke yake ya miaka mitatu kwa boti aliyoibuni ya kubeba marumaru mtoni Arno, wengi wanaihesabu kama hataza ya mwanzo mwanzo kabisa duniani. Boti ikaja kuzama na shehena ya marumaru nyeupe, hasara juu yake. Na 1434, akiwa anakaribia kufunga kuba la karne, chama cha mafundi mawe na mbao kikamweka ndani kwa kutolipa ada ya uanachama. Ikabidi ofisi ya kanisa iingilie kati atoke.

dada_mchambuzi:
Nafuatilia kwa makini sana kaka, asante. Nina mawili. Hela yote hii ilitoka wapi? Na wanawake mbona hawapo kabisa kwenye hadithi yako, tulikuwa tunapika tu?

Mleta uzi:
Dada naanza na hela maana ndio mzizi.

Kanisa kuu lilikuwa na fedha za mji na chama cha sufi. Lakini kuna familia inaitwa Medici. Giovanni di Bicci alifungua benki 1397, matawi yakaja kuwa Roma, Venice, Geneva, Bruges, London. Tawi la Roma ndilo lilikuwa linaingiza faida kubwa, sababu mteja wao ni Papa. Shida ni kwamba kanisa hilo hilo linasema riba ni dhambi ya kwenda motoni. Wakawa wanazunguka: nakupa florini hapa leo, utanilipa London baada ya miezi mitatu kwa pauni, halafu ile pauni inarudishwa tena kwa florini, na kwenye kubadilisha kule na huku mimi nabaki na kitu. Riba haijaandikwa popote. Mabenki yetu yangewavulia kofia.

Sasa dhamira inasumbua. Cosimo, mtoto wa Giovanni, muuza vitabu wake Vespasiano da Bisticci anasimulia kwamba alimwendea Papa Eugenio IV kuuliza afanyeje na mali yenye walakini, akaambiwa tumia florini 10,000 kwenye monasteri ya San Marco. Akatumia zaidi. Ndio ile yenye vyumba alivyochora Fra Angelico kimoja kimoja kwa kila mtawa, na maktaba ya Michelozzo ambayo wasomi waliruhusiwa kuingia kusoma. Mjukuu wake Lorenzo alipiga hesabu ya familia toka 1434 hadi 1471, majengo, sadaka na kodi, akapata florini 663,755, na akaandika kwamba hajutii. Hajutii wakati benki ilishaanza kuchechemea mikononi mwake! 1494 ikafa kabisa.

Na msiwaone watakatifu. Mji ni jamhuri kwenye karatasi, Cosimo hana cheo kikubwa, ila majina yanayoingia kwenye kibuyu cha kura yamechujwa na watu wake. Wapinzani waliwafuata 1478 kanisani, chini ya kuba hili hili, misa inaendelea, wakamuua Giuliano mdogo wake Lorenzo kwa visu.

Mwonekano wa mkataba wenyewe nikupe mmoja, wa 1485, kati ya mchoraji Domenico Ghirlandaio na mkuu wa kile kituo cha watoto waliotupwa, picha ya Mamajusi wanamsujudia Yesu. Inasema: achore yeye mwenyewe kwa mkono wake, afuate mchoro wa karatasi uliokubaliwa, bluu iwe ya thamani ya kama florini 4 kwa wakia, amalize ndani ya miezi 30, akichelewa faini, malipo florini 115 kwa awamu, na mkuu akiona haifikii thamani anaweza kupunguza. Bluu hiyo jiwe lake lilitoka Afghanistan, ndio maana linatajwa bei, mchoraji mjanja angeweza kupaka ya bei chee na nani angejua. Picha ipo palepale mpaka leo, na mbele kabisa kuna watoto wawili wadogo weupe wamepiga magoti wana majeraha, wanawakilisha wale waliouawa na Herode. Kwenye kituo cha watoto waliotupwa. Daah.

Wanawake: kuingia karakana kama mwanafunzi ilikuwa ngumu mno kwa binti, na mwili wa mtu kuusomea hairuhusiwi. Njia ya Florence ilikuwa utawa. Plautilla Nelli alikuwa mtawa, karne ya 16, akajifundisha na kuendesha karakana ya watawa wenzake humo humo ndani ya uzio, akachora Karamu ya Mwisho yenye urefu wa karibu mita 7, watu wa saizi yao halisi. Aliweka sahihi yake na ombi kwamba mumwombee mchoraji. Ilikaa karne nyingi bila umma kuiona, ikasafishwa, toka 2019 ipo makumbusho ya Santa Maria Novella.

Kahawa Chungu:
Mimi nabaki palepale, hao walikopi kwa Waislamu wakajiita wamezaliwa upya.

Mleta uzi:
Kuchukua walichukua, tena wakubwa wao hawakuficha. Ghiberti huyu huyu wa milango kwenye maandishi yake ya uzeeni amenukuu kurasa na kurasa za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, kuhusu jicho linavyoona na mwanga unavyosafiri. Tarakimu 1, 2, 3 Leonardo Fibonacci wa Pisa alizikuta Bejaia huko Algeria baba yake alikokuwa ofisa wa forodha, akaandika kitabu 1202. Na ubishi wa wazee ulikuwepo: 1299 chama cha mabenki Florence kilipiga marufuku hizo tarakimu kwenye daftari za hesabu, eti rahisi kuzichakachua, tumia za Kirumi. Miaka mia baadaye kila mtoto wa mfanyabiashara Florence anapelekwa shule ya hesabu kujifunza hizo hizo.

Ila kuchora kuta zinazopotelea mbali kwa kamba na msumari, kila mstari ukikutana nukta moja, hilo Brunelleschi na Masaccio walilifanya wao. Mpeni kila mtu chake.

MPwani halisi:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Mombasa, nimesoma yote. Nyinyi mwaisifu Florence ila sisi huku twaijua hela ya Florence kwa upande mwengine. Yeleze na hayo.

Mleta uzi:
Waalaykum salaam kaka. Uko sahihi na nashukuru umeligusa. Lisbon alikuwepo tajiri wa Florence, Bartolomeo Marchionni, anauza sukari, anauza watumwa kutoka Guinea, anakopesha wafalme. Msafara wa Mreno Cabral wa 1500, ule uliopita Kilwa na Malindi, ulikuwa na meli yenye hisa zake. Halafu 1505 ikaja armada (kundi la meli za kivita) ya Mreno Francisco de Almeida, humo walitia mtaji wafanyabiashara wa Ujerumani, wa Genoa na wa Florence. Armada hiyo ndiyo iliyoiteka na kuipora Kilwa, kisha ikaja kuichoma Mombasa, Agosti 1505. Mwaka mmoja kabla, ile sanamu ya Daudi ya Michelangelo ilikuwa imesimamishwa uwanjani Florence watu wanashangilia.

MPwani halisi:
Ahsante. Hilo ndilo nililotaka liandikwe.

dada_mchambuzi:
Na yule Medici anayesemekana alikuwa mweusi ni kweli au ni za mtandaoni?

Mleta uzi:
Alessandro de' Medici. Mtawala wa kwanza wa familia kupewa cheo cha duke wa Florence, 1532. Alizaliwa nje ya ndoa, mama yake alikuwa mtumishi au mtumwa, na wanahistoria wengi wanaona alikuwa na asili ya Afrika, wenzake walimuita il Moro, yaani Mweusi. Watumwa Florence walikuwepo, toka 1363 sheria iliruhusu kuwaingiza mradi si Wakristo, wengi wakitoka upande wa Bahari Nyeusi. Alessandro aliuawa Januari 1537 na binamu yake wa mbali. Anastahili uzi wake, sitaki kuuchafua huu.

Fundi Nondo:
Turudi site. Kuba likaisha lini, na halijapasuka? Maana miaka 600 hiyo.

Mleta uzi:
Agosti 1436 lilifungwa, likabaki na tundu dogo la juu. Kile kijumba cha marumaru cha kileleni nacho kilitangaziwa zabuni upya, fikiria mtu kajenga kuba zima bado anaambiwa ashindane, na Ghiberti akapeleka ramani yake tena! Brunelleschi akashinda, akafa 1446 mawe ya kwanza yakiwa ndio yanaanza, kikaisha 1461. Mpira wa shaba wa juu kabisa uliwekwa 1471 na karakana ya Verrocchio, kijana Leonardo akiwa humo humo karakanani. Radi ikauangusha mwaka 1600, wakaweka mkubwa zaidi.

Kupasuka limepasuka fundi, tena zamani sana. Zipo nyufa kubwa, zimefungiwa vipimo kila mahali, wahandisi wanazisoma mwaka mzima.

Fundi Nondo:
Za wima au za mshazari?

Mleta uzi:
Wima, zinapanda kutoka chini kwenda juu. Joto likibadilika kati ya kiangazi na baridi zinafunguka na kufunga kidogo kila mwaka.

Fundi Nondo:
Za wima ni lile kuba linasukuma nje pale chini, kama ulivyosema kwenye mkanda. Za mshazari ndio ningeogopa, hapo msingi umezama. Wasizizibe na saruji tu, zitapasuka pembeni yake.